Dkt Matthew Lukwiya: Tabibu aliyeweka kanuni za kujikinga dhidi ya Ebola, kisha akafa akimhudumia muuguzi

Wakazi wa Busia na Malaba hawahitaji kuelezwa maana ya kuvusha bidhaa mpakani kwa baiskeli. Ni katika njia hizi ndipo lilipozaliwa neno bodaboda, vijana walipokuwa wakibeba abiria na mizigo kutoka boda ya Kenya hadi boda ya Uganda katika kipande kile cha ardhi kilicho baina ya vizuizi viwili. Na wapo wengi huku, leo wakiwa walimu, mawakili na matabibu, waliolipiwa karo kwa sukari, sabuni na mafuta yaliyopita porini alfajiri bila ya kulipiwa ushuru.

Mwanamke mmoja wa kazi hiyo aliishi mbali kaskazini, katika mji wa Kitgum, nchi ya Waacholi, Uganda. Mumewe, aliyekuwa mchuuzi wa samaki, alikufa maji na kumwachia wavulana wanne wa kulea. Mjane huyo akawa anapakia majani chai juu ya baiskeli, anaendesha hadi mpaka wa Sudan, anabadilishana kwa sabuni na kurejea nyumbani kuuza. Alitaraji kwamba mwanawe Matthew, aliyekuwa na umri wa miaka 12 baba alipofariki, angejifunza njia hizo za kichakani na kumsaidia. Akamfunza. Lakini mvulana yule alikuwa hodari zaidi darasani kuliko barabarani, na alipoongoza wilaya yote katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mama alikubali kwamba baiskeli ingemngoja mwingine.

Huyo ndiye Matthew Lukwiya, aliyezaliwa Novemba 24, 1957, na ambaye miaka 43 baadaye jina lake lilitajwa katika kila hospitali ya Afrika Mashariki iliyokuwa ikijiuliza ni nani anayemlinda mhudumu wa afya wakati yeye anapowalinda wengine.

Alisoma kwa ufadhili mmoja baada ya mwingine hadi akafika Chuo Kikuu cha Makerere, alikosomea udaktari. Mnamo 1983 alipelekwa kufanya mazoezi ya kazi katika Hospitali ya St Mary's Lacor, kilomita chache nje ya mji wa Gulu. Hospitali hiyo ilianzishwa na wamishonari wa Kikatoliki wa shirika la Comboni mnamo 1959, na tangu 1961 ilikuwa ikiendeshwa na mke na mume: Dkt Piero Corti, Mwitaliano, na Dkt Lucille Teasdale, daktari wa upasuaji kutoka Kanada. Lukwiya alikuwa Mprotestanti. Jambo hilo halikuwazuia Wakatoliki wa Lacor kumwona upesi kuwa ndiye atakayewarithi. Inasemekana kwamba miezi mitatu tu baada ya kuwasili kwake, wazee hao wawili walikuwa wamekwisha kuamua.

Ni muhimu kusimama kidogo kwa Dkt Lucille, kwa kuwa kisa chake ndicho shule ya kwanza ya Lukwiya katika suala hili la hatari ya kazini. Mama huyo alifanya operesheni zaidi ya 13,000 katika maisha yake, na miaka ya vita ilipofika, meza yake ya upasuaji ilijaa watu waliopigwa risasi na kulipuliwa na mabomu. Mifupa iliyovunjika ina ncha kama za sindano. Glavu nyembamba ya mpira haiwezi kuzizuia, na vidole vyake vilikatwa mara nyingi akitafuta vipande hivyo ndani ya majeraha. Mnamo 1985 aligundulika kuwa ameambukizwa virusi vya Ukimwi. Aliendelea na kazi kwa zaidi ya miaka kumi, akazidi kudhoofika, na akafariki Agosti 1, 1996. Alizikwa Lacor, katika ua wa hospitali. Kwa miaka hiyo yote Lukwiya alikuwa pembeni yake, akimtazama daktari aliyeuguzwa na wagonjwa wake mwenyewe.

Hatari ya namna hiyo haihitaji vita. Muuguzi wa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia au ile ya Kocholya, karibu na Malaba, anaweza kudungwa na sindano iliyotumika saa nane za usiku, wodi ikiwa imejaa na mwenzake akiwa likizoni. Katika sindano hiyo mna uwezekano wa virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini aina ya B, na kwa hii ya pili ipo chanjo ambayo kila mhudumu anastahili kupewa kabla ya kushika sindano ya kwanza. Kwa Ukimwi, dawa za kuzuia maambukizi zinatakiwa kuanzwa mapema iwezekanavyo, na si baada ya saa 72. Kifua kikuu nacho hupanda hewani katika chumba kisicho na madirisha ya kutosha. Haya ndiyo mambo ya kila siku, nayo huua watu wengi kuliko magonjwa yanayotangazwa kwenye habari, ila huua kimyakimya.

Turejee Gulu. Siku ya Ijumaa Kuu mwaka wa 1989, waasi wa Joseph Kony waliingia Lacor wakitaka kuwateka watawa wa Kiitaliano. Lukwiya alijitokeza akaomba achukuliwe yeye badala yao. Waasi wakamchukua. Kwa muda wa wiki nzima alitembezwa porini akiwa amevaa koti lake la udaktari, hadi walipomwachilia. Aliporudi, hakufunga milango ya hospitali, aliifungua zaidi. Kila jioni maelfu ya wanakijiji, wanawake na watoto kwa wingi, walimiminika ndani ya ua wa Lacor kulala humo kwa hofu ya kutekwa usiku, kisha asubuhi wakatawanyika kwenda mashambani mwao.

Mwaka uliofuata alipata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili katika magonjwa ya watoto wa nchi za joto, kwenye Chuo cha Magonjwa ya Tropiki cha Liverpool, Uingereza. Alifaulu kupita wenzake na akapewa nafasi ya kubaki afundishe. Wengi wangebaki, na hakuna ambaye angewalaumu, kwani mshahara ulikuwa mkubwa na hakukuwa na bunduki. Alirudi Gulu kwa mkewe Margaret, watoto wao na wagonjwa wake. Chini ya uongozi wake Lacor ilikua ikawa miongoni mwa hospitali bora zaidi za Uganda, ingawa ilizungukwa na vita.

Mwishoni mwa 1998 aliondoka kwa muda na kuhamia Kampala kusomea shahada nyingine Makerere, safari hii katika afya ya jamii. Familia yake ikapata kuonja maisha ya amani. Huko ndiko simu ilikomkuta.

Ilikuwa Jumamosi, Oktoba 7, 2000. Aliyepiga alikuwa Dkt Cyprian Opira, aliyekuwa akishikilia uongozi wa Lacor. Alimweleza kwamba kuna ugonjwa usiofahamika, na kwamba wanafunzi wawili wa uuguzi wa hospitali hiyo walikuwa wamekwisha kufa. Lukwiya alisafiri siku iyo hiyo, mwendo wa zaidi ya kilomita 300, na jioni alikuwa wodini. Alifika wakati wa kumwona mwanafunzi wa tatu akitokwa na damu na kukata roho mbele ya macho yake.

Usiku ule hakulala. Yeye na Sista Maria Di Santo walikaa na majalada ya wagonjwa waliokufa katika siku za karibuni, wakayapitia moja moja. Walipata watu 17 wenye dalili zinazofanana: homa kali, kutapika, kuharisha, wengine kutokwa na damu, na dawa zote za malaria na maambukizi ya kawaida kugonga mwamba. Akachukua kitabu cha mwongozo kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) na Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani (CDC) mnamo 1998, kilichoandikwa mahsusi kwa hospitali za Afrika zisizo na vifaa vingi, kuhusu jinsi ya kuzuia homa za kuvuja damu zisienee wodini. Alipokimaliza alikuwa na dhana yake.

Wakati huo Ebola ilikuwa haijawahi kuripotiwa Uganda. Ilijulikana tangu 1976, ilipozuka kwa wakati mmoja kusini mwa Sudan na huko Yambuku, Zaire. Daktari wa wilaya anayetaka kutangaza ugonjwa wa aina hiyo hutarajiwa kupitia ngazi nyingi, barua kwa barua. Lukwiya aliruka ngazi hizo. Jumatatu alimpigia simu moja kwa moja Dkt Sam Okware, aliyekuwa kamishna wa afya ya jamii katika wizara, na timu kutoka Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, Entebbe, ikatumwa kuchukua sampuli. Damu ikapelekwa maabara ya virusi ya Afrika Kusini. Jibu lilipotoka katikati ya Oktoba, kwamba ni Ebola ya aina ya Sudan, Lacor ilikuwa tayari na wodi ya kutenga wagonjwa, imekwisha kufanya kazi kwa siku kadhaa.

Hapa ndipo pa kumwelewa mtu huyu. Mara nyingi husimuliwa kama shujaa asiyejali nafsi yake, na kisa cha waasi kinachangia sifa hiyo. Lakini kazi aliyoifanya Oktoba ile haikuwa ya ujasiri wa kufumba macho. Ilikuwa kazi ya karani mwangalifu. Wodi iligawanywa ili wanaoshukiwa wasichanganyike na waliothibitishwa. Aliyeingia alivaa kofia, barakoa, miwani au kinga ya uso, gauni, aproni, glavu pea mbili na mabuti ya mpira. Maji ya klorini yalichanganywa kwa vipimo viwili: makali kwa ajili ya matapishi, damu na maiti, mepesi kwa ajili ya kusuuzia mikono yenye glavu. Aliyetoka alivua kwa mpangilio, kitu kimoja baada ya kingine, akinawa kila hatua, kwa maana hatari kubwa zaidi iko katika kuvua. Mtu aliyechoka hujifuta jasho la paji la uso kwa mkono uleule uliotoka kumwinua mgonjwa.

Virusi hivyo havisafiri hewani kama vya mafua. Hupita katika damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mwili wa aliyekwisha kuugua au kufa, na huingia kwa jicho, mdomo, pua au ngozi yenye mkwaruzo. Dalili huanza kati ya siku 2 na 21 baada ya kuambukizwa. Kwa sababu hiyo wanaoshikwa kwanza ni wale wanaomgusa mgonjwa: mama, mke, waosha maiti, na wauguzi. Huko Kikwit, Zaire, mwaka wa 1995, wahudumu wa afya 80 walikuwa miongoni mwa watu 315 walioambukizwa. Robo nzima.

Kwa Wakenya, hesabu za siku zilikuwa na maana ya pekee. Basi linalotoka Gulu asubuhi hufika Kampala mchana, na kutoka Kampala hadi Malaba ni kilomita zipatazo 220. Mtu aliyeambukizwa juzi anaweza kuvuka Malaba au Busia akiwa mzima wa afya, akala chakula hotelini, akapanda gari la Kisumu au Nairobi na kuanza kuugua wiki ya pili yake, mikononi mwa muuguzi wa zahanati asiyejua chochote. Wala eneo hili si geni kwa msiba wa aina hiyo. Mnamo Januari 1980, Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Nzoia, huko jirani Bungoma, aliugua baada ya kutembelea Mlima Elgon, akasafirishwa hadi Nairobi, akafa kwa virusi vya Marburg, ambavyo ni ndugu wa Ebola. Daktari aliyemhudumia aliambukizwa, akaponea chupuchupu.

Huko Lacor kanuni ziliwekwa, vifaa vikaletwa, WHO na CDC wakatuma wataalamu, hata maabara ikafunguliwa papo hapo hospitalini. Pamoja na hayo, wauguzi waliendelea kufa. Takwimu zilizotolewa baadaye ni chungu: kati ya wahudumu wa afya 22 walioambukizwa Gulu, 14 waliambukizwa baada ya wodi za kutenga kuanzishwa, si kabla. Kuwa na mavazi stoo ni jambo moja. Kuwa na watu wa kutosha, waliopumzika, wanaochungana wakati wa kuvaa na kuvua, ni jambo jingine. Wagonjwa wa Ebola ni wazito, hujichafua kila mara, wengine huchanganyikiwa na kutoka vitandani. Ndani ya gauni na aproni, katika joto la Gulu, mtu hulowa jasho kwa muda mfupi na miwani hujaa ukungu. Wengi wa waliokuwa wakifanya zamu hizo walikuwa vijana wa kujitolea, kwa sababu Lukwiya hakumlazimisha mtu kuingia mle ndani. Yeye mwenyewe aliingia kila siku.

Mwishoni mwa Novemba mambo yalifika ukingoni. Katika muda wa siku moja walikufa watu saba, na baadhi yao walikuwa wafanyakazi wa hospitali. Asubuhi iliyofuata wahudumu waligoma. Mamia yao walikusanyika katika ukumbi wa shule ya uuguzi na kudai hospitali ifungwe. Lukwiya aliitwa akaja. Watu wale hawakuwa waoga. Walikuwa wamezika wenzao wiki baada ya wiki, na dai lao lilikuwa na haki. Naye hakuwatukana wala kuwatisha kwa barua za kufutwa kazi. Aliwakumbusha alivyojitoa kwa waasi kwa ajili ya hospitali hiyo, akawaambia kwamba ikifungwa naye ataondoka Gulu asirudi tena, na kwamba yeye atabaki kazini hata wakiondoka wote. Majadiliano yalichukua saa nyingi, asubuhi hadi alasiri. Yalipokwisha, walikuwa wakiimba pamoja, na wakarudi wodini.

Jambo ambalo hakuna aliyelijua ukumbini ni kwamba huenda virusi vilikuwa vimekwisha kumwingia. Siku chache kabla, usiku wa manane, muuguzi mmoja aliyekuwa mgonjwa mahututi alizidiwa, akainuka kitandani na kutoka kwenye ujia huku akivuja damu na kukohoa. Wenzake wa zamu waliingiwa na hofu wakamwita Lukwiya, aliyekuwa amelala. Alikuja mbio. Alivaa barakoa, kofia, gauni, aproni, glavu na mabuti. Hakuvaa miwani wala kinga ya uso. Alimshika yule muuguzi, akamrudisha, akamsafisha na kumbadilisha nguo, na kabla ya kupambazuka mgonjwa akafa. Wafanyakazi wenzake waliamini kwamba ni usiku huo ndipo alipoambukizwa.

Hapa hapana fumbo. Mtu aliyewafundisha wote namna ya kuvaa alisahau, au hakuona nafasi ya, kitu kimoja tu, kwa sababu aliamshwa usingizini na rafiki yake alikuwa akifa. Mwongozo wowote unaomtegemea binadamu asikosee hata mara moja baada ya wiki saba bila mapumziko ni mwongozo wenye tundu. Ndiyo maana siku hizi, penye wodi za Ebola zinazoendeshwa sawasawa, mhudumu haingii peke yake, wala hatoki bila ya mtu wa pili kumsimamia hatua kwa hatua, na muda wa kukaa ndani hupimwa kwa saa. Mafunzo hayo yalinunuliwa kwa bei kubwa katika wodi kama ile ya Lacor.

Jumapili ya Novemba 26 alihisi kama amepatwa na mafua. Siku iliyofuata homa ikapanda. Alitumaini ni malaria, akatundikiwa dawa, akaendelea kuulizia kazi. Vipimo vilipoonyesha Ebola, hakutaka upendeleo wowote: alitaka apelekwe katika wodi ileile aliyoianzisha, akalazwa pamoja na wengine. Mkewe Margaret, aliyeitwa kutoka Kampala, aliruhusiwa kumwona akiwa amevalishwa mavazi yote ya kujikinga, bila ya kumshika kama mke anavyomshika mumewe. Palitokea siku alipoonekana kupata nafuu. Kisha mapafu yakashindwa. Alifariki usiku wa kuamkia Jumanne, Desemba 5, 2000.

Alikuwa ameeleza tumaini lake kwamba, ikiwa ni lazima afe, basi awe wa mwisho. Katika Lacor ndivyo ilivyokuwa: wahudumu 13 wa hospitali hiyo walikufa kwa mkurupuko huo, na hakuna mwingine aliyekufa baada yake.

Mazishi yalifanyika siku hiyo hiyo, kwa kuwa mwili wa aliyekufa kwa Ebola haungoji jamaa kutoka mbali. Waliobeba jeneza walivaa gauni na barakoa, wakalinyunyizia klorini. Waombolezaji walisimama kwa mbali. Alizikwa katika ua wa Lacor, karibu na kaburi la Dkt Lucille. Dkt Corti, aliyekuwa amempoteza mke na sasa mrithi, aliishi zaidi kidogo ya miaka miwili baadaye, naye akazikwa papo hapo.

Februari 2001 Uganda ilitangazwa kuwa huru kutokana na ugonjwa huo. Watu 425 walikuwa wamepatikana kuugua na 224 wamekufa, wengi wao wilayani Gulu, na wengine wachache Masindi na Mbarara. Mkurupuko huo ulikuwa mkubwa kupita mwingine wowote wa Ebola uliokuwa umewahi kurekodiwa kufikia wakati huo. Kati ya walioambukizwa karibu nusu walipona. Wataalamu waliokuwako walisema wazi kwamba bila ya simu ile ya Jumatatu idadi ingekuwa nyingine kabisa.

Je, majirani walijifunza? Kwa sehemu. Mnamo 2020, korona ilipoingia, foleni ya matrela Malaba ilinyooka kwa kilomita nyingi huku madereva wakingoja kupimwa. Sampuli zilipelekwa maabara ya Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI) iliyoko Alupe, kwenye barabara inayounganisha Busia na Malaba. Alupe si jina geni katika habari za magonjwa ya kuambukiza: tangu enzi za ukoloni palikuwa mahali pa kuwatibu wenye ukoma, watu ambao hata jamaa zao waliogopa kuwagusa na ambao waliguswa na wauguzi. Ndipo pia kaunti ilipowatenga wagonjwa wa korona. Lakini Desemba mwaka huo madaktari wa umma wa Kenya waligoma, wakidai vifaa vya kujikinga vyenye ubora na bima kwa wanaougua kazini, baada ya kuwazika wenzao kadhaa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini na ile ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, zote za mwaka wa 2007, zilikuwa zimekaa vitabuni kwa miaka 13.

Ebola ya aina ileile ya Sudan ilirudi Uganda Septemba 2022, safari hii wilayani Mubende. Kufikia ilipotangazwa kwisha Januari 2023, watu 142 walikuwa wamethibitishwa kuugua. Wahudumu wa afya 19 walikuwa miongoni mwao, na saba walikufa, akiwamo daktari kijana kutoka Tanzania aliyekuwa akisomea upasuaji nchini humo. Baadhi yao walimgusa mgonjwa kabla ya mtu yeyote kutamka jina la ugonjwa. Busia ilihesabiwa na serikali ya Kenya kati ya kaunti zilizo katika hatari zaidi, na maafisa wa afya wakasimama tena kwenye vituo vya mpakani wakiwapima wasafiri joto.

Na Januari 2025 aliyetangulia kugundulika alikuwa muuguzi wa Hospitali ya Mulago, Kampala. Kabla ya kufariki Januari 29, alikuwa ametafuta tiba katika vituo kadhaa, kimojawapo Hospitali ya Rufaa ya Mbale, mji ambao wachuuzi wa Malaba huenda na kurudi kwa siku moja. Wagonjwa wakawa 14 kwa jumla, waliothibitishwa na walioshukiwa, na vifo vinne, hadi mkurupuko ulipotangazwa kwisha Aprili 26 mwaka huo. Kenya haikupata mgonjwa hata mmoja.

Katika wiki hizo zote, kwenye kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, kilichozinduliwa rasmi mwaka wa 2018, na kwenye kile cha Malaba, wa kwanza kukutana na kila msafiri hakuwa afisa wa forodha wala wa uhamiaji. Alikuwa mhudumu wa afya, mwenye kipimajoto mkononi.